Kivuli cha Baraza: Historia ya Picha ya Mtu wa Kawaida Unguja

Mpiga picha aliyefundwa Unguja haanzi kwa kutazama uso. Huanza kwa kutazama ukuta. Hutafuta ukuta wa nyumba ya mbele uliopakwa chokaa na kupigwa na jua, kisha hugeuka kuona mwanga unaorudi kutoka ukutani unaangukia wapi. Pale unapoangukia, chini ya upenu, juu ya baraza, ndipo atakapomketisha mteja wake. Mjomba wangu alinifundisha hivyo Ng'ambo, naye alifundishwa hivyo na waliomtangulia. Naiandika historia ya elimu hiyo kwa sababu ndiyo iliyompa fundi cherahani, mchukuzi, muuza samaki na mke wa bawabu picha aliyoitaka mwenyewe, kwa nguo alizozichagua, na akaondoka nayo mkononi.

Jua la huku

Mji wa Unguja uko takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, na kwa mpiga picha jambo hilo ni kubwa. Mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 5 Machi na tarehe 9 Oktoba, jua la adhuhuri hupita sawasawa juu ya utosi. Kutoka Machi hadi Oktoba, jua la mchana huwa upande wa kaskazini. Kutoka Oktoba hadi Machi huwa upande wa kusini. Wazee wa kazi walilishika hili kwa pepo. Kusi ikivuma, baraza inayotazama kusini ina kivuli mchana kutwa. Upepo ukigeuka kuwa kaskazi, jua nalo hugeuka, na baraza ile ile haikaliki. Kwa hiyo anayefanya kazi kwa mwanga wa jua hapa hawezi kubaki mahali pamoja mwaka mzima. Mjomba alikuwa na baraza ya kusi na baraza ya kaskazi. Ya pili ilikuwa ya jirani, na kodi yake ilikuwa kuwapiga picha watoto wa nyumba hiyo kila Sikukuu.

Wazungu walioanzisha ufundi huu kwao hawakuwa na shughuli hiyo. Paris na London jua la adhuhuri huwa kusini siku zote, basi walijenga studio zenye paa la vioo lililoelekea kaskazini, wakapata mwanga mpole usiobadilika Januari hadi Desemba. Ukiileta kanuni hiyo Unguja kama ilivyo, zaidi ya nusu ya mwaka kioo chako kitaingiza jua kali ndani. Na hata mwezi wa Juni, jua linapokuwa limekwenda mbali kabisa, saa sita ya mchana bado linasimama nyuzi 60 juu ya upeo wa macho. Mwanga wa namna hiyo humshukia mtu kutoka juu. Paji la uso hung'aa, macho huzama gizani, kivuli cha pua huangukia mdomo. Mwenye ngozi nyeusi hupata hasara zaidi, kwani mpiga picha asiyejua kazi huuona weupe wa paji na mashavu, akapunguza mwanga, na sehemu iliyobaki ya uso ikapotea.

Ndiyo maana nikishika picha ya zamani ya mtu wa pwani, kitu cha kwanza ninachokitazama ni kivuli cha pua. Kikianguka wima juu ya mdomo, najua mtu huyo alisimamishwa juani saa mbaya, na mara nyingi najua pia kwamba picha haikuwa yake.

Waliosimamishwa juani

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa Paris mwaka 1839, na haukuchukua hata miaka 10 kufika pwani yetu. Kati ya 1846 na 1848, nahodha Mfaransa Charles Guillain alizunguka pwani ya Afrika Mashariki, na msafara wake ulikuwa na kamera ya dagerotipu, ile iliyotumia bamba la shaba lililopakwa fedha. Baadhi ya nyuso walizozinasa zilichorwa upya na kupigwa chapa kufuatana na kitabu chake, kilichotoka miaka ya 1850. Mwaka 1860, James Augustus Grant alikuwa mjini Unguja akijiandaa kwenda bara na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha Nile. Naye alikuwa na kamera, akapiga picha za mji huu.

Dagerotipu ilihitaji mwanga mwingi na mtu aliyetulia kwa sekunde nyingi, na mahali rahisi pa kuupata mwanga huo ni uwanjani. Bamba la dagerotipu lilikuwa moja tu, halina nakala. Likishakamilika lilifungwa sandukuni na kuondoka na msafiri. Aliyekaa mbele ya lenzi alibaki pwani bila kitu. Huo ndio mwanzo wa picha ya mtu wa kawaida katika nchi yetu: uso ulichukuliwa na mwenye uso hakupata chochote.

Studio za Wagoa

Mambo yalianza kugeuka mwishoni mwa karne ya 19, na walioyageuza walikuwa wafanyabiashara kutoka Goa, koloni la Wareno huko India. A. C. Gomes alifungua studio mjini Unguja, na jina lake, baadaye A. C. Gomes na Wanawe, likawa maarufu kuliko yote. Wakafuata ndugu wawili wa ukoo wa Coutinho, kisha karne mpya ilipoingia akawapo Pereira de Lord. Walipiga picha za masultani, mabalozi na matajiri wa karafuu. Lakini studio ni duka, na dukani huingia yeyote mwenye pesa.

Kilichorahisisha bei kilikuwa kadi ndogo ambayo Mfaransa Disdéri aliisajili mwaka 1854. Picha kadhaa zilipigwa kwenye bamba moja, zikachapwa, zikakatwa na kubandikwa kwenye kadi nene ya takriban sentimita 6 kwa 10. Mteja alipata nakala za kugawa. Nyuma ya kadi palichapwa jina la studio kwa herufi za madaha.

Kazi yote hiyo ilifanywa na jua. Ni kweli Sultani Barghash alitia taa za umeme katika Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga mwaka 1883, lakini umeme wa kasri haukumfaa mwenye duka. Mwanga wa kupigia picha ulitoka nje, na hata kuchapa kulifanywa kwa jua. Karatasi ya wakati huo ilipakwa ute wa yai na chumvi ya fedha, ikabanwa pamoja na bamba ndani ya fremu ya mbao, kisha ikawekwa nje. Mgongo wa fremu ulikuwa na bawaba, hivyo fundi aliweza kuinua upande mmoja na kuchungulia rangi imefika wapi bila karatasi kusogea. Ikishafika, aliiondoa, akaiosha na kuitia dawa ya kuishikiza. Siku ya mawingu ilichelewesha kazi, na siku ya masika iliweza kuifunga kabisa.

Bamba za enzi hizo zilikuwa na kasoro moja ambayo kila anayetazama picha za mababu zetu anapaswa kuijua. Zilishika mwanga wa buluu vizuri, lakini mwekundu hazikuushika. Mbingu ilitoka nyeupe tupu. Ngozi yetu, ambayo hurudisha wekundu mwingi kuliko buluu, ilitoka nyeusi kuliko jicho lilivyoiona. Chukua kisutu, kanga ya harusi yenye rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Katika bamba lile wekundu na weusi viligeuka kitu kimoja, na mwanamke aliyevaa vazi la kung'aa kuliko yote aliyokuwa nayo huonekana leo amejifunika kiza chenye madoa meupe. Bamba zinazoona rangi zote zilianza kuuzwa miaka ya 1900, na zilichukua muda kuenea. Kwa hiyo ukiiona picha ya bibi wa 1895 ukadhani alivaa huzuni, fikiri tena. Huenda alivaa nyekundu.

Kadi zisizo na majina

Karne ya 20 ilipoanza, posta ilileta biashara mpya ya kadi za kupeleka barua zenye picha. Meli zilishusha abiria bandarini, nao walitaka kitu cha kupeleka kwao. Studio zile zile za mjini zikawauzia minara, milango ya nakshi, na watu. Nimezishika nyingi katika maisha yangu ya kazi, na maandishi yake yana desturi moja. Jina la studio limechapwa vizuri. Jina la mtu halipo. Badala yake pana aina: mwanamke wa Kiswahili, mchukuzi, muuza maji, msichana wa kienyeji.

Zitazame kwa makini kadi za wasichana. Wamevikwa mapambo, nywele zimesukwa sawasawa, kanga zimefungwa upya. Mara nyingi kitambaa kile kile na kiti kile kile huonekana kwa wasichana tofauti, maana yake vitu hivyo vilikuwa vya studio. Huu ulikuwa mji ambao utumwa ulikuwa halali hadi tangazo la Aprili 1897, na masuria hawakuingizwa katika sheria ya uhuru hadi 1909. Katika mji huo hatuwezi kudhani kwamba kila aliyeketi mbele ya kamera alikuwa na uwezo wa kukataa. Uso wake umefika Hamburg na Lisbon, umebandikwa stempu, umepigwa muhuri. Wajukuu zake wanaishi hapa na hawajui kama wanaye.

Lakini kamera zile zile, katika miaka ile ile, zilikuwa na kazi ya pili. Zamani za utumwa, vazi lilionyesha daraja ya mtu. Mtumwa alivaa kitambaa duni, kaniki au merikani, na aliachiwa miguu mitupu na kichwa kitupu. Baada ya 1897 walioachwa huru walianza kuvaa walichonyimwa. Wanaume walivaa kanzu na kofia, wanawake walivaa kanga za rangi na baadaye buibui. Mtu aliyenunua kanga mpya kwa jasho lake alikuwa na sababu kubwa ya kwenda studio kuliko tajiri yeyote. Tajiri alikuwa na nyumba ya kuonyesha yeye ni nani. Aliyeachwa huru alikuwa na vazi, na vazi huchakaa, ila picha itashuhudia.

Picha hizo za kulipiwa hutambulika. Mtu ameketi, hakusimamishwa. Mikono iko juu ya mapaja au imeshika mwavuli. Mwanga unatoka ubavuni na macho yote mawili yanaonekana. Huwezi kuwapatia macho watu wenye ngozi kama yetu ila uwe umewatafutia kivuli na ukuta wa kurudisha mwanga. Mpiga picha yule yule aliyemwacha mchukuzi juani kwa ajili ya kadi ya posta alihangaika na mwanga kwa ajili ya mchukuzi aliyemlipa.

Ua na baraza

Mwaka 1930 Ranchhod Oza, aliyewahi kufanya kazi kwa Gomes, alifungua Capital Art Studio, ambayo mwanawe aliiendeleza baada yake na ambayo bado ina mlango Shangani. Mombasa, katikati ya karne hiyo, N. V. Parekh alikuwa bwana wa taa za umeme. Wateja wake walijipanga kama waigizaji wa sinema, vivuli vimekatwa kwa wembe. Nawaheshimu wote wawili. Ila Ng'ambo, upande wa pili wa mji wetu, mahali palipojaa watu waliojengewa kidogo na kulipwa kidogo, taa zilikuwa ghali, na umeme wenyewe ulikuja kwa mitaa. Huko jua liliendelea kuwa fundi.

Studio ya mjomba ilikuwa chumba kimoja, nacho hakikutumika kupigia picha. Kilikuwa na kioo, kitana, koti moja la kuazima, na pazia lililomficha mteja akibadilisha nguo. Picha ilipigwa nje. Kamera ilikuwa Yashica ya lenzi mbili, ya kutazamia kwa juu, ambayo mpigaji huishika kifuani na kuinamisha kichwa. Mjomba aliipenda kwa sababu ya adabu yake. Mteja mwenye haya haoni jicho la mtu likimtumbulia. Anaona utosi wa mtu aliyeinama. Mkanda mmoja ulitoa picha 12, na kila mteja alikuwa na nafasi moja tu. Kwa hiyo kazi kubwa ilifanyika kabla ya kubonyeza. Mjomba alisogeza kiti, akatandika shuka jeupe magotini au chini miguuni ili limulike kidevu, akamwuliza mteja habari za nyumbani mpaka mabega yashuke.

Kipimo cha mwanga hakuwa nacho. Alinifunza kwa ukuta. Kwa mkanda wa ASA 100, juani weka tundu la lenzi 16 na kasi ya sehemu moja ya 125 ya sekunde. Kivulini, mbele ya ukuta wa chokaa unaowaka, fungua tundu hadi 5.6 na kasi iache. Ukuta ukiwa umekongoroka chokaa, fungua hadi 4. Mvua ikiwa imenyesha na mchanga wa njia umelowa, fungua tena kidogo, kwa maana mchanga mkavu nao humulika na uliolowa hunyamaza. Saa za kazi zilikuwa saa mbili hadi saa nne asubuhi, na baada ya sala ya alasiri mpaka jua lipungue. Adhuhuri tulisafisha mikanda chini ya ngazi, mahali palipozibwa kwa mablanketi. Umeme ukikatika, tulichapa vijipicha vidogo kwa kubana negativu na karatasi chini ya kioo na kufungua dirisha kwa hesabu ya moja mbili tatu. Hatukujua wakati huo kwamba tulikuwa tunarudia kazi ya mafundi wa Gomes.

Mimi nilifundishwa kazi kwa sababu ya ua. Wanawake wengi hawakuweza kuketi barazani mbele ya wapita njia, na waliokwenda studio walihofia picha zao kutundikwa dirishani ili kuvuta wateja. Nyumba ilitaka mtu wa kuingia ndani. Mjomba hakuwa na binti, nikawa mimi. Ua wa nyumba ya mawe ni studio bora kuliko zote nilizowahi kuziona: kuta nne ndefu, chokaa pande zote, mbingu wazi juu, jua halifiki chini ila mchana wa kati. Mwanga unashuka ukutani kwa utaratibu na kumfikia mtu ukiwa umepoa.

Bibi mmoja wa Mchangani aliniita alasiri ya kaskazi. Watoto wake walikuwa wameondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na alitaka kuwapelekea picha. Alikuwa amejifunga kanga mbili zilizonyooshwa kwa pasi ya makaa, mikunjo bado imesimama kifuani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Picha hii inakwenda Maskati. Nitie uso na mikono. Miguu niachie."

"Mikono uiweke wapi, bibi?"

"Palepale ilipo. Waione bado inafanya kazi."

Alikuwa ameketi kwenye mkeka, mikono yenye unga wa muhogo imelala mapajani. Nilimgeuza robo kuelekea mlango wa ukumbi uliofunguliwa, ili upande wa pili wa uso upate giza kidogo na mikunjo ya macho ionekane. Hakutabasamu na sikumwomba. Aliitazama lenzi kama mtu anavyomtazama mwanawe aliyekuja kuaga. Picha ilipokauka alinitaka niandike nyuma yake jina lake, la baba yake, mtaa na mwaka. Akaniambia, "Huko wako wajukuu wasionijua."

Baada ya 1964 picha za namna hiyo zilikwenda Maskati, Dubai, Mombasa na Uingereza ndani ya bahasha za barua za ndege, na za kutoka huko zikaja huku. Kwa familia nyingi zilikuwa ndiyo ziara pekee iliyowezekana kwa miaka. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa za nje zilipoadimika Tanzania nzima, mkanda wa picha ulikuwa kitu cha kutafutwa kwa mabaharia. Tuliutumia kwa uangalifu zaidi, na naamini nyuso za miaka ile ni bora kwa sababu hiyo. Kila mtu alijua nafasi ni moja, mpigaji na mpigwa.

Ndugu yetu wa Bamako

Nilidhani elimu ya ukuta ni yetu peke yetu hadi nilipoona picha za Seydou Keïta wa Mali. Alizaliwa Bamako karibu mwaka 1921, akajifunza useremala. Mwaka 1935 mjomba wake alirudi safari ya Senegal akamletea kamera ndogo ya Kodak. Mwaka 1948 alifungua studio Bamako-Coura, karibu na stesheni ya reli na gereza. Alipiga picha uani kwa mwanga wa jua, kwa kamera kubwa ya bamba la sentimita 13 kwa 18, na kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu kwa sababu bamba lilikuwa ghali. Nyuma ya mteja alitundika kitambaa. Cha kwanza kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe, lenye matamvua. Alibadilisha vitambaa kila baada ya miaka michache, na baadaye akaweza kutaja umri wa picha kwa kutazama kitambaa kilichopo. Studio yake ilikuwa na saa za mkononi, kalamu, redio, hata pikipiki ndogo ya kuazima, kama sisi tulivyokuwa na koti.

Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilitundikwa New York katika maonyesho ya sanaa za Afrika, na chini yake paliandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Keïta alikuwa hai, anaishi Bamako mtaani kwake, na negativu zake ziko sandukuni. Watu walimtafuta wakampata, na kabla ya kufariki Paris mwaka 2001 alishuhudia jina lake likitajwa pamoja na kazi yake. Sifurahi tu kwa ajili yake. Naona jinsi jambo hili lilivyo jepesi kutokea. Kwenye kadi za Unguja jina la studio lilibaki na la mtu likapotea. New York yalipotea yote mawili, ya aliyepiga na ya aliyepigwa, na mwenyewe hajafa bado.

Rangi, taa na simu

Mikanda ya rangi ilipoenea na mashine za kusafishia kufika miji ya pwani, mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuendelea, chumba cha giza kilikufa upesi. Harusi zikataka taa ya kamera, ile ya kupiga mtu usoni kama radi, na ukuta nyuma yake ukawa mweusi. Hata hivyo kazi ya jua haikuisha. Mombasa, miaka ya 1990, wapiga picha walisimamisha vibanda kando ya kivuko cha Likoni na kuvipamba kwa maua ya plastiki na mandhari za kuchora, wakimpiga picha kila aliyeteremka mwenye hamu. Nairobi walijaa Uhuru Park. Hapa Unguja, Sikukuu ya Mnazi Mmoja haikuwa Sikukuu bila foleni ya watoto wenye nguo mpya wakisubiri zamu chini ya mti.

Leo kila kijana ana kamera mfukoni, na kamera hiyo inaona wekundu, inaona kivulini, inafanya kwa hesabu zake mambo mengi tuliyoyafanya kwa chokaa. Nawaona vijana wakiwapiga picha wavuvi, mama lishe na mafundi baiskeli mitaani kwa mwanga wa mchana, na wengi wana jicho zuri. Picha hizo husafiri dunia nzima kabla mwenyewe hajamaliza kufunga tenga la samaki. Na mara nyingi chini yake pameandikwa: mvuvi wa Zanzibar. Nikisoma hivyo naziona kadi za posta za mwaka 1905. Kamera imebadilika, mwanga umekuwa mzuri, lakini mtu amerudishwa kuwa aina.

Ndiyo maana nasema kwamba kivuli na ukuta ni nusu ya kazi hii. Nusu ya pili ni ile aliyoijua bibi wa Mchangani bila kufundishwa na mtu: picha ya mtu iwe na jina lake, na yeye awe na nakala. Kijana anayempiga mvuvi picha amwulize jina, amwulize kama anakubali liandikwe, na arudi siku ya pili na karatasi mkononi. Ndicho kilichoitofautisha baraza ya Ng'ambo na kadi ya bandarini, kuliko kamera na kuliko lenzi.

Na wenye masanduku ya picha nyumbani wana kazi pia. Albamu nyingi za mji huu zimebaki na mzee mmoja anayewajua waliomo. Akiondoka, babu mwenye kanzu na mkwaju anakuwa mzee wa Kiarabu au mzee wa Kiswahili, basi. Keti naye asubuhi, karibu na dirisha, toa picha moja moja. Andika nyuma kwa penseli laini, kwa mkono mwepesi, kwa sababu kalamu ya wino hukandamiza na hutokea upande wa uso. Andika jina, jina la baba, mtaa, mwaka hata kama ni wa kukisia, na kama inakumbukwa, nani aliipiga. Anza na ile picha ambayo aliyebaki kuwajua waliomo ni mtu mmoja tu, na kama mtu huyo ni wewe, anza leo.